BIBI RUFAIDA AL-ASLAMIYYA (R.A.) NA HAKI ZA WAUGUZI WETU



Kama ilivyo ada ya jarida letu, kila mwaka tunatenga nafasi ya kueleza maisha ya mtu mmoja mashuhuri ili wanafunzi wapate kumjua na kuchukua mazingatio kutoka kwake.

Mwaka huu tumemchagua Bibi Rufaida Al-Aslamiyya (r.a.), mwanamke wa Kiislamu anayetajwa mara nyingi kuwa muuguzi wa kwanza katika historia ya Uislamu. Tumemchagua kwa sababu moja kubwa. Hapa kwetu katika wilaya za Mbulu na Hanang hakuna nyumba isiyowahi kupitia mikononi mwa wauguzi. Wengi wetu tumezaliwa mikononi mwao, watoto wetu wamechanjwa nao, na wazee wetu wengi walifumba macho wao wakiwa kando ya kitanda. Hata hivyo ni wachache miongoni mwetu wanaojiuliza muuguzi mwenyewe anaishi vipi, anafanya kazi katika mazingira gani, na nani anamhudumia yeye anapochoka. Maisha ya Bibi Rufaida (r.a.) yanatupa jibu la suala hili, nalo ni jibu lenye umri wa zaidi ya miaka 1,400.

ALIKUWA NANI?

Jina lake ni Rufaida bint Saad, wa kabila la Aslam. Kabila hili lilikuwa likiishi katika maeneo ya njia iliyounganisha Makka na Madina, na watu wake wengi waliingia katika Uislamu mapema. Bibi Rufaida (r.a.) alisilimu na kutoa ahadi ya utii kwa Mtume (s.a.w.) baada ya Hijra. Baadhi ya waandishi wa zama zetu wanasema kwamba alijifunza tiba kwa baba yake, akawa anamsaidia tangu utotoni.

Habari zake zimetajwa na wanavyuoni wakubwa wa mwanzo. Ibn Is-haq, mwandishi wa sira aliyefariki karibu na mwaka 767, anamtaja kuwa ni mwanamke aliyekuwa akitibu majeruhi, na aliyejitolea nafsi yake kuwahudumia Waislamu wasiokuwa na mtu wa kuwaangalia, akitaraji malipo kwa Allah (s.w.). Imam Bukhari, aliyefariki mwaka 870, naye amemtaja katika kitabu chake cha adabu. Ibn Saad, aliyefariki mwaka 845, ameeleza habari hizo hizo za mwanamke wa Aslam mwenye hema la wagonjwa, lakini kwa jina la Kuaiba bint Saad. Wako wanavyuoni waliosema kuwa ni mtu mmoja mwenye majina mawili, na wako waliosema kuwa ni ndugu wawili. Vyovyote iwavyo, hema lilikuwepo, wagonjwa walikuwepo, na mwanamke wa Kiislamu ndiye aliyekuwa msimamizi wake.

HAKUWA PEKE YAKE

Tusidhani kwamba Bibi Rufaida (r.a.) alikuwa mwanamke pekee aliyefanya kazi hii. Katika vita vya Uhud, mwaka wa 3 Hijria (mwaka 625), Mtume (s.a.w.) alijeruhiwa usoni. Binti yake, Bibi Fatma (r.a.), ndiye aliyemuosha jeraha, na Sayyidna Ali (r.a.) akimmiminia maji kwa ngao. Alipoona damu haikatiki alichukua kipande cha jamvi, akakichoma, na majivu yake akayabandika juu ya jeraha mpaka damu ikakoma. Siku hiyo hiyo Bibi Aisha (r.a.) na Bibi Ummu Sulaym (r.a.) walikuwa wakibeba viriba vya maji mgongoni na kuwanywesha majeruhi.

Bibi Ummu Atiyya (r.a.) alitoka na Mtume (s.a.w.) katika safari saba za vita. Kazi yake ilikuwa kubaki nyuma na mizigo, kupika chakula, kutibu majeruhi na kuwaangalia wagonjwa. Bibi Rubayyi bint Muawwidh (r.a.) naye pamoja na wenzake waliwanywesha maji wapiganaji na kuwarudisha Madina waliouawa na waliojeruhiwa.

Kwa hiyo, wanafunzi wetu, mtu akikuambieni kuwa uuguzi ni kazi ya watu duni, au kwamba haina nafasi kwa binti wa Kiislamu, mfahamisheni kwa adabu kwamba wake na mabinti wa nyumba tukufu kuliko zote waliifanya kazi hii.

HEMA NDANI YA MSIKITI

Mwaka wa 5 Hijria (mwaka 627), makabila ya Waarabu yaliungana na Makuraishi, wakafika watu wapatao 10,000, wakauzingira mji wa Madina. Kwa ushauri wa Sayyidna Salman Al-Farisy (r.a.), Waislamu walichimba handaki upande ule uliokuwa wazi. Ndiyo maana vita hivi vikaitwa vita vya Khandaq, yaani vita vya Handaki. Maadui walishindwa kuvuka, lakini mishale ilirushwa kutoka ng'ambo.

Mshale mmoja ulimpata Sayyidna Saad bin Muadh (r.a.), mkuu wa kabila la Aus, ukamkata mshipa mkubwa wa mkono. Huyu alikuwa mmoja wa nguzo za Waislamu wa Madina. Mtume (s.a.w.) aliagiza apelekwe kwenye hema la Bibi Rufaida (r.a.), hema lililokuwa limesimamishwa msikitini, ili awe karibu na yeye apate kumtembelea kwa urahisi.

Tulitafakari jambo hili. Msikiti wa Mtume (s.a.w.) haukuwa mahali pa sala peke yake. Hapo ndipo watu walipofundishwa, wageni walipopokelewa, masikini walipolala na mambo ya umma yalipoamuliwa. Ukitaka kujua moyo wa mji wa Madina ulikuwa wapi, ulikuwa hapo. Na hapo hapo ndipo lilipowekwa hema la wagonjwa. Halikutupwa pembezoni mwa mji, wala muuguzi hakuambiwa atafute mwenyewe mahali pa kufanyia kazi.

Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akipita asubuhi na jioni kumjulia hali Sayyidna Saad (r.a.). Hizi zilikuwa siku ngumu mno. Mji ulikuwa umetoka katika mzingiro, na majukumu yalikuwa mengi. Hata hivyo kiongozi wa umma alifika hemani mara mbili kwa siku. Kiongozi anayefika mahali pa kazi asubuhi na jioni huona kwa macho yake kama maji yamekwisha, kama vitambaa vya kufungia majeraha havitoshi, na kama anayehudumia amechoka. Hahitaji kungoja barua.

MGONJWA ALIPOFARIKI

Sayyidna Saad (r.a.) hakupona. Damu ilikatika kwa muda, akaweza hata kupandishwa juu ya punda na kupelekwa kutoa hukumu katika shauri la Banu Quraydha. Aliporudishwa hemani jeraha lilifumuka, na damu ikatoka nyingi hata ikawafikia watu wa kabila la Ghifar waliokuwa na hema lao hapo hapo msikitini. Akafariki dunia.

Kifo hiki kilikuwa msiba mkubwa kwa Waislamu wote. Bibi Rufaida (r.a.) alikuwa amemhudumia kwa siku nyingi, kisha akampoteza. Lakini katika habari zote zilizotufikia hatuoni mtu aliyemnyooshea kidole. Hakuna aliyesema kwamba amemuua kiongozi wao kwa uzembe. Waislamu walijua kwamba muuguzi hufanya sababu, na uhai na mauti yako mikononi mwa Allah (s.w.). Walilia pamoja, walimzika pamoja, na msiba ule haukuachwa juu ya mabega ya mwanamke mmoja.

Matunda ya jambo hili tunayaona baadaye. Laiti angelaumiwa na kutukanwa, pengine angelikunja hema lake na kurudi kwao. Hakufanya hivyo, bali aliendelea na kazi.

KHAYBAR NA MALIPO YAKE

Mwaka wa 7 Hijria (mwaka 628) Waislamu walitoka kwenda Khaybar, mji wa ngome na mashamba ya mitende ulioko kaskazini ya Madina. Wanawake wa makabila ya Aslam na Ghifar walimwendea Mtume (s.a.w.) kuomba ruhusa ya kufuatana na jeshi ili watibu majeruhi na kusaidia kadiri ya uwezo wao. Mtume (s.a.w.) akawaruhusu. Mwanamke wa Aslam mwenye hema naye alikuwa katika msafara huo.

Vita vilipokwisha na mali kugawanywa, wanawake waliotibu majeruhi hawakusahauliwa. Ibn Abbas (r.a.) ameeleza kwamba wanawake waliokuwa wakitibu majeruhi walikuwa wakipewa sehemu ya mali iliyopatikana. Na kuhusu mwanamke huyu wa Aslam, wako waandishi wa sira waliosema kuwa alipewa fungu sawa na fungu la mwanamume aliyepigana. Tukumbuke kuwa yeye alikuwa amejitolea kwa ajili ya Allah (s.w.), wala hakutoka kwa kutafuta mali. Lakini nia yake safi haikufanywa kisingizio cha kumnyima haki yake. Hili ni funzo zito. Mara nyingi tunasikia watu wakisema kwamba uuguzi ni wito, kisha neno hilo likatumika kumnyamazisha muuguzi anapodai anachostahili. Wito upo, na ujira nao upo, na kimoja hakifuti kingine.

Baada ya Khaybar vitabu vya sira havimtaji tena kwa urefu. Jina lake limebaki kwa kazi yake. Huko Bahrain chuo kimoja cha tiba hutoa tuzo yenye jina lake kwa mwanafunzi bora wa uuguzi.

WALIOFUATA BAADAYE

Waislamu wa baadaye waliikuza fikra ya hema lile mpaka ikawa majumba makubwa ya tiba. Mwaka 1284 Sultani Qalawun alijenga hospitali kubwa katika mji wa Cairo, Misri, na akaiwekea waqfu, yaani mali zilizofungwa ili mapato yake yatumike kwa kazi hiyo tu. Waqfu huo haukulipia dawa na chakula cha wagonjwa peke yake. Ulipanga pia mishahara ya waganga na ya wahudumu, wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake. Wahenga hao walifahamu kwamba huwezi kumtunza mgonjwa kwa mtumishi mwenye njaa.

Historia ya mataifa mengine nayo inathibitisha jambo hili. Mwezi Novemba 1854 Bibi Florence Nightingale wa Uingereza aliwasili Üsküdar, katika mji wa Istanbul, pamoja na wauguzi 38, kuwahudumia askari wa nchi yake waliojeruhiwa katika vita vya Crimea. Walipewa kambi ya askari ya Selimiye, iliyokuwa imegeuzwa hospitali. Majeruhi walirundikana, mifereji ya maji machafu ilikuwa imeziba chini ya jengo, na hewa ilikuwa nzito. Wauguzi walifanya kazi usiku na mchana, na bado askari walikufa kwa wingi kwa maradhi kuliko kwa majeraha. Vifo vilipungua sana baada ya tume ya usafi kufika mwezi Machi 1855, mifereji ikazibuliwa na hewa ikapitishwa. Bibi huyo mwenyewe aliugua huko vitani, na afya yake haikurudi sawasawa mpaka alipofariki mwaka 1910. Alipofungua shule yake ya uuguzi mjini London mwaka 1860, aliweka pamoja nayo nyumba ya kuishi wanafunzi wake. Alikuwa amejifunza kwamba bidii ya muuguzi peke yake haitoshi ikiwa jengo lenyewe linaua.

HAPA KWETU MBULU NA HANANG

Sasa tuje nyumbani. Wilaya zetu ziko katika mkoa wa Manyara, ulioanzishwa mwaka 2002 kwa kumegwa kutoka mkoa wa Arusha. Nchi yetu ni ya miinuko na baridi, na Mlima Hanang una urefu wa mita 3,417. Tunazo hospitali za serikali na za mashirika ya dini, kama ile ya Haydom iliyofunguliwa mwaka 1955, pamoja na vituo vya afya na zahanati vijijini. Hospitali ya Haydom ina hata chuo cha kufundishia wauguzi. Watu wa makabila na dini zote hutibiwa humo, nasi Waislamu tukiwemo.

Alfajiri ya tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, tope na mawe na magogo viliporomoka kutoka mlimani na kuangukia mji wa Katesh na vijiji jirani. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha, na zaidi ya 100 walijeruhiwa. Tunamuomba Allah (s.w.) awape subira waliofiwa. Majeruhi walipelekwa katika hospitali ya wilaya ya Hanang na hospitali nyingine za mkoa. Siku zile nchi nzima ilitazama askari na magari ya kuondoa tope, na kwa haki kabisa tuliwashukuru. Lakini ndani ya wodi walikuwepo watu waliosafisha tope kwenye majeraha, waliowabeba watoto waliopoteza mama zao, na waliofunika nyuso za waliokufa. Nao pia walikuwa na ndugu, majirani na marafiki katika mji huo huo. Walikuwa wafiwa na wahudumu kwa wakati mmoja.

Msiba kama ule ni nadra, lakini uzito wa kila siku hauishi. Muuguzi wa zamu ya usiku anaweza kuwa peke yake au na mwenzake mmoja, na wodi imejaa. Huyu anahitaji kugeuzwa, yule anahitaji dripu, mama mwingine uchungu umemshika, na daftari la taarifa linamngoja. Mgongo unauma kwa kuinua wagonjwa. Sindano ikimchoma kwa bahati mbaya anaweza kuambukizwa homa ya ini au virusi vya Ukimwi. Wengi wametoka mikoa ya mbali, wameacha familia zao, na huku vijijini hawajui Kiiraqw wala Kibarbaig, wakati bibi mzee aliyelazwa hajui Kiswahili cha kutosha kueleza maumivu yake. Msimu wa mvua barabara huwa tope, na nyumba ya kupanga karibu na zahanati ni shida kupatikana.

Kisha mgonjwa hufariki saa nane za usiku. Muuguzi humfunika, humuita ndugu yake, husikia kilio, na pengine husikia na matusi. Baada ya hapo hana mahali pa kukaa akalia. Kitanda cha pili kinamuita. Asubuhi hurudi nyumbani akaambiwa na jirani kwamba wauguzi wa siku hizi hawana huruma.

Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilieleza hali ya uchovu mkubwa unaotokana na kazi isiyosimamiwa vizuri. Dalili zake ni tatu: mtu kuishiwa nguvu kabisa, moyo wake kujitenga na kazi yake, na utendaji wake kushuka. Hebu tuangalie ile dalili ya pili. Ule ukali tunaoulalamikia kwa baadhi ya wauguzi, ile sura iliyokunjamana na lile jibu fupi, mara nyingine si tabia mbaya ya kuzaliwa. Ni moyo uliochoka, unaojikinga usivunjike. Hatusemi hivi kuhalalisha uzembe au lugha chafu kwa mgonjwa, kwani hiyo ni dhulma na ina mahali pake pa kushitakiwa. Tunasema ili tujue kwamba anayetaka wagonjwa wahudumiwe vizuri hana budi kutazama pia hali ya wanaowahudumia.

MAFUNZO TUNAYOYAPATA

Katika maisha ya Bibi Rufaida (r.a.) tunayaona mambo makubwa manne, nayo yanawahusu viongozi, wazazi na wanafunzi pia.

Kwanza, alipewa mahali pa kazi panapofaa. Muuguzi anahitaji maji, taa, glavu, dawa na nafasi, pamoja na chumba kidogo cha kupumzikia na kusali. Wanaokaa katika kamati za zahanati na vituo vya afya, na miongoni mwao wamo baadhi ya wazazi wetu, wanapopanga bajeti waulize pia: watumishi wetu wanalala wapi, na wanakunywa chai wapi?

Pili, kiongozi alifika mwenyewe. Mkuu anayepita wodini kwa kuangalia kosa tu huongeza mzigo, lakini anayepita asubuhi na jioni kujua hali huupunguza.

Tatu, haki yake ilitolewa. Dini yetu imetuamrisha kutomcheleweshea mfanyakazi ujira wake. Posho ya zamu na malipo ya saa za ziada si zawadi, bali ni haki ya mtu aliyekesha wakati sisi tumelala.

Nne, hakuachwa peke yake wakati wa msiba. Wauguzi nao wanahitaji watu wa kuzungumza nao baada ya kupoteza mgonjwa, na viongozi wa hospitali wanaweza kutenga muda wa kuketi pamoja, kusikilizana na kufarijiana.

Juu ya hayo liko jambo la mapumziko. Yule yule Sayyidna Salman (r.a.) aliyetoa shauri la handaki alimtembelea ndugu yake Abu Dardai (r.a.), akamkuta amejitupa katika ibada, mchana anafunga na usiku hataki kulala, mpaka mkewe ameachwa bila kuangaliwa. Salman (r.a.) akamlazimisha ale, na usiku akamzuia asiamke mpaka theluthi ya mwisho, akimkumbusha kuwa mwili wake una haki na watu wa nyumba yake wana haki. Habari zilipomfikia Mtume (s.a.w.) aliunga mkono maneno ya Salman (r.a.). Ikiwa mtu hatakiwi kujiangamiza hata kwa sala na saumu za sunna, itakuwaje tumtake muuguzi ajiangamize kwa zamu zisizokwisha?

SISI TUFANYE NINI?

Wazazi na ndugu wa wagonjwa, tufuate muda uliowekwa wa kuona wagonjwa, na tusijazane wodini. Tusiwafokee wauguzi, na pakiwa na kosa tulifikishe kwa mganga mfawidhi au kwenye kamati ya kituo kwa utaratibu. Mgonjwa wetu akifariki, tukumbuke alivyofanyiwa Bibi Rufaida (r.a.), tuzuie ndimi zetu. Na akipona, turudi kusema ahsante. Neno hilo halina gharama, na kwa mtu aliyekesha lina thamani kubwa. Jirani yetu akiwa muuguzi aliyetoka mkoa wa mbali, tumkaribishe futari na Idi hata kama si Muislamu, na tumfundishe maneno machache ya lugha za hapa.

Ninyi wanafunzi, wa kike na wa kiume, kazi hii inawangojea. Anayetaka kuingia chuo cha uuguzi hana budi kufaulu masomo ya sayansi katika kidato cha nne, hasa Baiolojia, Kemia na Fizikia. Basi msiyakimbie masomo hayo kwa kusikia kwamba ni magumu. Na kwa sasa, hata kabla ya kuhitimu, mnaweza kuanza na uuguzi wa nyumbani: kumpa babu maji, kumgeuza bibi aliyelala kwa muda mrefu, kunawa mikono, kutunza usafi wa nyumba, na kumpokea mama mzigo akitoka kazini. Wale ambao mama zenu au baba zenu ni wauguzi, wakirudi asubuhi kutoka zamu ya usiku, punguzeni kelele walale. Hiyo nayo ni sadaka.

Tunamuomba Allah (s.w.) amridhie Bibi Rufaida (r.a.) na wote waliotibu na kuhudumia pamoja naye. Tunamuomba awape afya, subira na nguvu wauguzi wa Mbulu, Hanang na Tanzania nzima, awalipe kwa kila usiku waliokesha, awaponye wagonjwa wetu, awarehemu marehemu wetu, na atujaalie sisi na watoto wetu kuwa miongoni mwa wenye kuwahudumia waja wake. Amin.